Sayansi imethibitisha Mungu yupo, au hayupo? Tuanze na sufuria ya maji

Radi ilipiga mwembe mmoja huku Kirumba, Mwanza, usiku wa kuamkia Jumanne, ikaupasua kuanzia kwenye panda hadi shinani kama mtu aliyechanja kuni. Kulipokucha, pale kijiweni karibu na mwalo, drafti ilisimama. Mzee mmoja anayeuza dagaa akasema hiyo si radi ya Mungu, kuna mtu kaituma, na mwenye mti anajua kakosana na nani. Kijana wa bodaboda, kidato cha sita kamaliza juzi tu, akacheka: "Mzee wangu, radi ni umeme. Sayansi ilishathibitisha zamani, hakuna uchawi wala hakuna Mungu." Hapo mama wa chapati, mlokole asiye na utani, akaacha chapati ikiungua na kunyanyua simu: "Na hii je? Wanasayansi wamegundua chembe ya Mungu. Wenyewe wamekubali!"

Muuza kahawa, ambaye huwa hana upande, akauliza huku akimimina: "Hao wanasayansi wenu ni wangapi? Maana naona wanathibitisha kila kitu."

Swali lake ndilo lililonikalisha niandike. Ndani ya dakika kumi sayansi ilikuwa imethibitisha kwamba Mungu hayupo na kwamba yupo, bila mtu hata mmoja kuuliza neno "kuthibitisha" lina maana gani midomoni mwa watu hao.

Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko tunavyodhani. Tuna neno dhana, yaani wazo ulilonalo kabla hujalipima. Tuna neno yakini, yaani kujua kusikobakiza shaka yoyote. Sayansi hufanya kazi katikati ya hayo mawili. Inachukua dhana na kuisumbua: inaitafutia mahali itakapovunjika, inawaalika na wengine waje waivunje. Dhana ikisumbuliwa kwa miaka na ikakataa kuvunjika, na ikaweza kueleza mambo mengi kwa mpigo, inapewa jina la heshima: nadharia. Mtaani nadharia maana yake ni maneno matupu, kinyume cha vitendo, na ndiyo maana mtu husema "hiyo ni nadharia tu" akidhani kamaliza kesi. Kwamba kipindupindu huletwa na vijidudu ni nadharia pia. Sijaona mtu anayeipuuza kwa kunywa maji ya mtaroni.

Yakini yenyewe sayansi haiuzi. Wanaoitafuta dukani kwake hurudi wamekasirika.

Nyuzi 96

Muulize mwanafunzi yeyote maji yanachemka kwa nyuzi ngapi, atakujibu 100 kabla hujamaliza swali. Mimi niliazima kipimajoto kwa jirani yangu mwalimu, nikabandika sufuria kwenye jiko la gesi, nikasimama pale kama mlinzi. Zebaki ikapanda 80, 90, 94, ikafika 96 na kidogo. Maji yakawa yanatokota kwa nguvu, mvuke umejaa jikoni. Zebaki ikagoma. Nikaongeza moto. Ikagoma. Nikaongeza tena hadi nikaunguza vidole, na yenyewe iko palepale.

Mwanza iko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Hewa inayotukandamiza huku ni pungufu kuliko ile ya Dar es Salaam, kwa hiyo maji hayahitaji joto lilelile ili yageuke mvuke. Maharage yako yanatokota kwenye maji yenye joto pungufu, ndiyo maana yanakula mkaa zaidi kidogo kuliko ya shemeji yako wa Temeke.

Kitabu kimedanganya? Hapana. Ile "nyuzi 100" ina mkia ambao tumezoea kuukata: kwenye usawa wa bahari. Karibu kila ukweli wa kisayansi una mkia wa namna hiyo, unaosema ni wapi, kwa kiasi gani, kwa vipimo vipi. Sheria za Newton ni kweli kwa mtumbwi na kwa basi la kwenda Musoma, lakini kwa kitu kinachokaribia mwendo wa mwanga zinahitaji marekebisho ya Einstein. Ukikata mkia, kauli inaanza kusikika kama amri iliyoshuka kutoka juu, na mtu mwenye amri nyingine kutoka juu lazima akabe koo.

Kuchemsha maji kunanikumbusha mgeni mmoja wa mji huu. Tarehe 3 Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke alifika hapa Mwanza, akapanda kilima, akaona ziwa, hili tunaloliita Viktoria. Waarabu wa Tabora walikuwa wamekwisha kumwambia kuna maji makubwa kaskazini, na watu wa huku walikuwa wakiyavua tangu enzi, kwa hiyo neno "kugundua" tuliweke pembeni. Speke naye alitumia maji yanayochemka: ukijua yamechemka kwa nyuzi ngapi, unaweza kukadiria uko juu kiasi gani. Jibu alilopata lilikaribia sana lile tulilonalo leo. Lakini njia hiyohiyo ilikuwa imewadanganya yeye na mwenzake Richard Burton kule Ziwa Tanganyika, wakakosea kwa karibu mita 200.

Baada ya wiki chache tu Speke akatangaza kwamba hiki ndicho chanzo cha Nile. Hakuwa ameona mto wowote ukitoka ziwani. Hakuwa amelizunguka. Burton, aliyekuwa amebaki Tabora, akamkatalia: umeona maji upande mmoja, umejuaje yanakokwenda? Waliparurana magazetini miaka na miaka. Speke alirudi, na mwaka 1862 akaona maji yakimwagika kutoka ziwani pale Jinja, Uganda, lakini ubishi haukuzimika. Wakapangiwa mdahalo mjini Bath, Uingereza, tarehe 16 Septemba 1864. Siku moja kabla, Speke akafa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni. Mpaka mwaka 1875, Henry Morton Stanley alipolizunguka ziwa kwa mashua kwa karibu miezi miwili, ndipo wengi wakaridhika.

Mimi kisa hiki hukipenda kwa sababu hakina mshindi msafi. Siku ile juu ya kilima Speke alikuwa amesema kweli, lakini alikuwa bado hajajua. Burton alikosea, lakini swali lake lilikuwa la haki kabisa. Kusema kweli na kujua kwamba ni kweli ni vitu viwili, na kati yake kuna kazi ya kuzunguka ziwa. Na hata leo ukitaka chanzo cha mbali zaidi cha Nile, utaambiwa ufuate mto Kagera kupanda hadi milima ya Rwanda na Burundi. Inategemea unaita nini "chanzo".

"Ulikuwepo?"

Hilo ndilo swali la kijiweni linalowanyamazisha wasomi. Ukisema ziwa hili liliwahi kukauka, mtu anakuuliza: ulikuwepo?

Hakuna aliyekuwepo kati yetu. Ila watafiti walishusha mirija mirefu hadi kwenye sakafu ya ziwa, wakavuta juu nguzo za tope zilizojipanga tabaka kwa tabaka, la karibuni juu, la kale chini. Chini ya tope laini wakakutana na udongo mgumu kama wa uwanja uliopigwa jua, wenye vijizizi vya mimea vilivyosimama wima. Mizizi ya namna hiyo haioti chini ya makumi ya mita za maji. Umri wake hupimwa kwa kaboni: kila kilicho hai hubeba aina fulani ya kaboni ambayo kikifa huanza kupungua, nusu yake huisha kwa takriban miaka 5,700, kwa hiyo kilichobaki ni kama mshumaa ulioungua nusu, unakuambia uliwashwa lini. Hesabu zinaonyesha maji yalirudi kama miaka 15,000 iliyopita. Hapo tunapovulia sangara palikuwa na majani.

Ubishi ukazuka, na ulikuwa mtamu. Ziwa hili lina mamia ya aina za furu, samaki wadogo wa humu. Wataalamu wa vinasaba wakauliza: aina zote hizo zitokee ndani ya miaka 15,000 tu? Haiwezekani, labda halikukauka lote. Wataalamu wa tope wakashikilia mizizi yao. Baadaye, uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2017 ukaonyesha kwamba mababu wa furu hawa walikuwa machotara wa koo za zamani zaidi, waliokuja na akiba kubwa ya tofauti tangu mwanzo. Pande zote mbili zikapata pumzi. Angalia walivyobishana: kila mmoja aliweka mezani kitu ambacho mwenzake angeweza kukishika.

Kwa nini mbili

Turudi kwenye mwembe. Kiswahili, pamoja na utajiri wake, kimetupa neno moja, "kwa nini", libebe mizigo miwili. Kwa nini radi ilipiga? Unaweza kuwa unauliza kwa sababu gani, au unauliza kwa kusudi gani.

La kwanza lina majibu. Usiku nchi kavu hupoa haraka, ziwa hubaki na joto lake. Upepo kutoka kando zote huelekea ziwani, unakutana huko, hewa yenye unyevu inapanda juu na kuwa wingu refu. Ndani ya wingu chembe za barafu husuguana, umeme unajitenga, halafu unatafuta njia ya kushuka. Mti mrefu ni njia nzuri. Ndiyo sababu wavuvi wa ziwa hili huogopa saa za usiku wa manane hadi alfajiri kuliko mchana.

La pili, kusudi, sayansi haina chombo cha kulipimia. Mizani ya mwaloni itakuambia dagaa hawa ni kilo ngapi, haitakuambia kama umewapata kwa halali. Mizani haijaharibika. Haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Lakini mzee wangu wa dagaa asidhani ameponea hapo. Ukisema Mungu anataka tusaidiane, sina kipimo cha kuleta. Ukisema fulani anaweza kutuma radi Ijumaa saa nane usiku ipige mti huu na si ule, umeingia uwanjani kwa miguu yako: tutakaa na saa na daftari, tutahesabu. Kadhalika anayesema dunia ina miaka elfu sita ametaja namba, na mawe ya Mwanza, haya tunayopigia picha pale kwenye mwamba wa Bismarck, ni ya tangu zaidi ya miaka bilioni 2.5.

Kuna kosa jingine ambalo waumini wenzangu hulipenda: kumweka Mungu pale sayansi ilipokwama. Newton, mcha Mungu aliyeandika kurasa nyingi kuhusu Biblia, aliona sayari zinavutana zenyewe kwa zenyewe na akahofia mpangilio ungevurugika pole pole. Akaona itabidi Muumba aurekebishe mara kwa mara. Miaka ya 1780 Mfaransa Laplace akapiga hesabu na kuonyesha kwamba yumbayumba ya Mshtarii na Zohali iliyosumbua watu hujirudia yenyewe kwa mzunguko wa kama miaka 900. Mungu aliyekuwa amepewa kazi ya ufundi kwenye ule mwanya akaachishwa kazi. Na aliyemtia aibu ni Newton kwa kumpa kazi ile, wala si Laplace.

Padri mmoja aliliona hilo mapema. Georges Lemaître, Mkatoliki wa Ubelgiji, ndiye aliyeandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unapanuka, na mwaka 1931 akapendekeza kwamba ulianza kutoka kitu kimoja kidogo sana, wazo ambalo leo linaitwa mlipuko mkuu. Ndiyo, padri. Mwaka 1951 Papa Pius XII alihutubia kana kwamba nadharia hiyo inaunga mkono habari ya uumbaji. Ungetarajia padri apige vigelegele. Hakufurahi. Msimamo wake ulikuwa kwamba nadharia yake iko nje ya swali la dini, muumini na asiyeamini wote wako huru mbele yake. Nadhani alijua kwamba imani ikipanda juu ya nadharia, siku nadharia ikirekebishwa inaanguka nayo.

Wanasayansi wenyewe wanaamini nini?

Muuza kahawa aliuliza ni wangapi, basi namba hii hapa. Mwaka 2009 taasisi ya utafiti wa maoni ya Pew iliwauliza wanasayansi wa Marekani. Asilimia 33 walisema wanamwamini Mungu, 18 wanaamini nguvu fulani ya juu, 41 hawaamini lolote kati ya hayo. Ni wachache sana wanaoamini ukiwalinganisha na Wamarekani wa kawaida, kwa hiyo kijana wa bodaboda ana pa kushikia. Ila "wanasayansi wote" hawapo. Na hao ni wa Marekani tu.

Kwangu mimi namba hizo hazifikii hadithi ya watu wawili. Mwaka 1979 Tuzo ya Nobel ya fizikia walipewa watatu: Sheldon Glashow, Steven Weinberg na Abdus Salam. Weinberg na Salam walikuwa wamefika, kila mmoja kwa njia yake, kwenye nadharia ileile inayounganisha nguvu ya sumaku na umeme na nguvu dhaifu iliyomo ndani ya kiini cha atomu. Hesabu zao zinafanana. Salam, Mwislamu kutoka Pakistani, kwenye karamu ya tuzo alinukuu Surat al-Mulk, aya zinazomwambia mtu arudishe jicho lake atazame kama ataona kasoro katika uumbaji. Weinberg hakuwa na Mungu, na alikuwa ameandika kwamba kadiri ulimwengu unavyoeleweka ndivyo unavyozidi kuonekana hauna kusudi. Hesabu moja, chakula cha tuzo kimoja. Kama Mungu angekuwa amejificha ndani ya zile hesabu, mmoja kati yao angekuwa amekosea mahali, na mwenzake angemwonyesha mstari.

Hapa ndipo inapotokea ile chembe ya mama wa chapati. Nadharia ya hao wawili ilihitaji chembe fulani, bosoni ya Higgs, na tarehe 4 Julai 2012 watafiti wa CERN, maabara kubwa ya fizikia karibu na Geneva, wakatangaza wameipata. Jina "chembe ya Mungu" lilitoka kwenye kichwa cha kitabu cha mwanafizikia Leon Lederman cha mwaka 1993. Peter Higgs mwenyewe hakuwa muumini na hakulipenda jina hilo, aliona linaweza kuwaudhi wanaoamini. Chembe yenyewe inahusu jinsi chembe nyingine zinavyopata uzito. Kwa Mungu imefika kwa njia ya duka la vitabu.

Einstein pia huvutwa kila upande. Mwaka 1929 alisema anamwamini Mungu wa mwanafalsafa Spinoza, anayejidhihirisha katika mpangilio wa vitu, na si Mungu anayeshughulika na hatima na matendo ya watu. Mlokole hatamtambua, mkana Mungu naye hatamtambua. Wamwache apumzike.

Mahali kamba inapoishia

Tunapenda kusema "binadamu hawezi kujua yote", halafu tunanyamaza kana kwamba tumeeleza kitu. Kutojua kuna aina zake.

Kuna kutojua kwa leo, kama mawimbi ya upande wa pili ambayo Speke hakuyaona. Hiyo dawa yake ni mashua. Kuna kutojua kwa sababu hatuwezi kupima kwa usahihi wa kutosha. Mwaka 1961 Mmarekani Edward Lorenz alikuwa anaendesha hesabu za hali ya hewa kwenye kompyuta. Akarudia hesabu moja na, kwa kufupisha, akaingiza 0.506 badala ya 0.506127. Akaenda kunywa kahawa. Aliporudi, hali ya hewa ya kwenye karatasi ilikuwa imekwenda njia nyingine kabisa. Tofauti ile ndogo ilikua na kukua. Ndiyo maana utabiri wa kesho unasaidia, wa wiki mbili unayumba, na wa miezi mitatu hukupa mwelekeo wa jumla tu. Ukiambiwa uwezekano wa mvua ni asilimia 70 na isinyeshe, hukudanganywa. Ulipewa kiasi cha kutojua, kimepimwa.

Halafu kuna kutojua kulikojengwa ndani ya vitu vyenyewe. Werner Heisenberg alionyesha mwaka 1927 kwamba kwa chembe ndogo, ukibana mahali ilipo, mwendo wake unaponyoka, hata ukiwa na chombo bora kiasi gani. Na mwanga umesafiri miaka bilioni 13.8 tu tangu mwanzo, kwa hiyo kuna sehemu za ulimwengu ambazo habari zake hazijatufikia, na nyingine hazitatufikia.

Na kuna maswali ambayo hata ukijua kila kitu bado yatakuwa mezani. Sangara alipandikizwa ziwani humu miaka ya 1950 na 1960. Sayansi inaweza kukuambia amekula nini, aina nyingi za furu zilizotoweka, minofu iliyosafirishwa nje. Ukiuliza kama ilikuwa sawa kufanya vile, mvuvi aliyejenga nyumba kwa sangara na mzee anayekumbuka ladha ya furu wa utotoni watakaa juu ya takwimu zilezile na hawatakubaliana.

Jumapili nilirudi kijiweni na kipimajoto mfukoni. Kijana wa bodaboda alisikiliza habari ya Salam na Weinberg hadi mwisho, akasema Weinberg ndiye aliyekuwa na akili zaidi. Mama wa chapati akasema Salam. Mzee wa dagaa alitaka kujua kama hiyo hesabu ya radi ya Ijumaa usiku nitaifanya kweli au naongea tu. Muuza kahawa aliniomba kile kipimajoto, akakitumbukiza kwenye birika lililokuwa likitokota juu ya mkaa, akainama kusoma, kisha akawatazama wateja wake mmoja mmoja.

"Yaani miaka yote hii nawauzieni pungufu?"